Mke Aliyeandikwa Mtumishi

Mwanamume mmoja alimkana mkewe mbele ya wakaguzi wawili, akasema huyu ni mtumishi wangu wa ndani, kisha akapanda ndege akaenda kula pensheni yake ng'ambo, na mke akaachiwa ule utumishi. Hilo ndilo kosa lililotendeka, na halina jina jingine. Waliosaidia kulitenda wapo, wanapita barabarani na kusalimia watu kama kawaida.

Mwanamke huyo mtaa mzima unamwita Mama Pindo. Si kwamba ana mtoto wa jina hilo. Mungu hakumjalia mtoto. Jina lilimshika kwa sababu ya kazi yake ya kushona mapazia. Ukimpelekea kitambaa, kabla hajakuuliza dirisha lako lina upana gani, atakuuliza unataka pindo la vidole vingapi, maana kwake yeye pazia lisilo na pindo zito ni bendera. Shule hakuiona. Kwao palikuwa na nafasi ya kusomesha mtoto mmoja, akapewa wa kiume, na huyo wa kiume akaacha shule akaenda kuuza mitumba. Mama Pindo hucheka akilisimulia hilo, lakini kicheko chake hakifiki machoni.

Mumewe alikuwa fundi wa mitambo kwenye kituo cha maji cha mji. Kwa hiyo aliitwa Mzee Pampu tangu hajaota mvi. Alizoea kelele za mashine hata nyumbani akawa anaongea kwa kupaza sauti, na majirani wakajua leo kwa Mzee Pampu kunapikwa nini kabla harufu haijawafikia. Yeye na Mama Pindo walioana nyumbani kwa wazazi wa mwanamke, wazee wa pande zote mbili wamekaa, kaka yake Pampu akiwa shahidi. Watu wakala, wakanywa, wakaenda zao. Hati hakuna aliyeitaja. Siku zile ungemwambia mtu una hati ya mke, angekuuliza kwani umemnunua.

Jina la mapenzi alilompa mkewe lilikuwa moja tu, mwenzangu. Mwenzangu, umeona miwani yangu. Mwenzangu, njoo uone huyu kuku wa jirani anavyotuibia. Hakuwa mtu wa maneno matamu, na mke hakuyadai. Hilo moja lilimtosha.

Alipostaafu, Pampu alirudi nyumbani na mvumo wa mashine masikioni ambao haukuisha. Alikuwa akikaa barazani kidole kikiwa ndani ya sikio, analaumu redio za majirani. Ndipo mwenzake mmoja wa kazini akamwambia kuna nchi ng'ambo, ya milima na baridi, inayopokea wastaafu kutoka nje. Unaonyesha pensheni yako, unapewa kibali, unaishi huko kimya kimya mpaka siku zako ziishe. Pampu alirudi nyumbani siku hiyo kama mtu aliyeokota kitu. Akamwambia mkewe watakwenda. Yeye atakaa barazani asikilize kimya, na mke atawashonea watu wa baridi mapazia yao, yale mazito yenye bitana.

Mama Pindo hakuwahi kutamani ng'ambo, lakini mapazia yenye bitana yalimwingia moyoni. Jioni ileile alitoa kitambaa kizito cha kijani chenye maua meupe, mabaki ya kazi ya hoteli moja, akaanza kukata makoti mawili. La mume na la mke.

Kibali hakipatikani kwa miguu yako mwenyewe, walielezwa. Kinatafutwa na wakala. Wakala huyo ofisi yake ilikuwa juu ya duka la matairi. Ukutani alibandika picha ya mlima wenye theluji, na chini yake kiti kimoja chenye mto na kingine kisicho na mto. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, shati limenyooshwa hata mikunjo ya mikono. Ukimuuliza lolote, alijibu kwamba hizo ni taratibu. Kwa nini picha ziwe nyingi hivi? Ni taratibu. Kwa nini mtu apimwe kifua? Ni taratibu. Walipotoka siku ya kwanza Mama Pindo akamwita Bwana Taratibu, na Pampu akacheka mpaka ngazi zikaisha.

Siku ya pili hapakuwa na kicheko. Bwana Taratibu alimpa Pampu kiti chenye mto, akamweleza kwamba faili lake ni zuri, pensheni yake inatosha mtu mmoja bila wasiwasi. Mama Pindo akauliza, na yeye je? Wakala akamtazama kwa huruma, kama daktari anavyomtazama ndugu wa mgonjwa.

"Wewe, mama, ndiyo kazi yenyewe," alisema.

Akafafanua. Mke anahesabiwa kwenye pensheni, na pensheni ya Pampu haiwatoshi wawili. Zaidi ya hapo, mke anataka hati ya ndoa. Wakienda kuitafuta sasa, itakuwa na tarehe ya juzi, na wakubwa wa vibali watasema mzee huyu ameoa jana ili kumsafirisha mtu. Faili litafungwa. Lakini upo mlango mwingine. Mstaafu anaruhusiwa kuwa na mtumishi mmoja wa kumtunza, kwa kuwa ni mzee, na mtumishi hahesabiwi. Basi mama aandikwe mtumishi. Ni karatasi tu. Wakishafika huko, nani atakuja kuwauliza wanalala wapi?

Pampu alikuna goti. Hakusema ndiyo wala hapana. Alimgeukia mkewe, na hapo ndipo mzigo ulipohama bega. Mama Pindo aliona mawili: akikataa, atakuwa yeye aliyemnyima mumewe kimya alichokitamani, akikubali, ni karatasi tu. Aliuliza swali moja.

"Na tukishafika, hiyo karatasi ataifuta nani?"

Bwana Taratibu alitabasamu, akamwambia Pampu kwamba mama huyu ana akili kuliko mawakili. Swali halikujibiwa. Lilivikwa kilemba cha ukoka likakaa pale, na Mama Pindo, ambaye hakusifiwa akili mara nyingi, akaacha lipite.

Kabla ya kibali kutoka, wakaguzi huja nyumbani kuhakikisha kwamba mstaafu anaishi kama faili linavyosema. Kwa hiyo wakala alikuja mara kadhaa kuwafundisha. Alikaa kwenye kiti cha Mama Pindo, kile cha karibu na dirisha, akaanza. Kwanza vitu vyake vihamie stoo, kile chumba chembamba cha pembeni mwa jiko kilichojaa majora ya vitambaa na vyuma vya pampu. Godoro liwe chini. Nguo zitundikwe msumarini. Kisha maneno. Pampu asiseme tunakula, aseme nakula. Mama asimwite kwa jina, amwite bosi. Asikae mzee anapokula. Akiulizwa, asubiri kidogo kabla ya kujibu.

"Mke hujibu swali halijaisha," alisema Bwana Taratibu. "Mtumishi husubiri, halafu hutazama chini. Hapo ndipo wakaguzi hukamatia watu."

Mwanzoni lilikuwa jambo la kuchekesha. Pampu alimwita mwenzangu kila baada ya neno la tatu, akajipiga mdomoni, wakacheka wote. Mama Pindo alimwita bosi kwa sauti ya pua, akainama mno, akamwagia chai magoti. Lakini yeye hajui kushona nusu. Kitu akikishika, anakifanya mpaka ncha ya uzi. Kufikia mara ya tatu alikuwa anaingia na sinia bila kusikika, anaweka, anarudi hatua, anasimama mlangoni mwa jiko mikono imekutana tumboni. Bwana Taratibu alisema katika kazi yake yote hajaona mtumishi wa namna hiyo. Pampu naye alianza kuzoea. Hakukosea tena neno mwenzangu, maana hakulitumia tena.

Barua ya makazi iligongwa mhuri na mwenyekiti wa mtaa, mtu ambaye alikula kwenye nyumba ile mara nyingi na mapazia ya sebuleni kwake yalishonwa na mkono wa Mama Pindo. Wakala aliiweka mezani kwake ikiwa imeshaandikwa: ndani ya nyumba hii anaishi mzee na mtumishi wake. Mwenyekiti aligonga mhuri akiongea na simu.

Wakaguzi walikuja asubuhi, mwanamume na mwanamke, kila mmoja na mkoba wake. Mwanamke ndiye aliyekuwa mkali. Alifungua kabati la chumbani, akaona nguo za mwanamume tu. Akaomba kuonyeshwa anapolala mtumishi. Akaingia stoo, akabonyeza godoro kwa mkono kuona kama linalaliwa kweli. Akamuuliza Mama Pindo amemtumikia mzee huyu tangu lini.

Mama Pindo alisubiri kidogo, akatazama chini. "Tangu nywele zake zikiwa nyeusi," alisema. Na huo haukuwa uongo.

Sebuleni yule mkaguzi mwanamume alikuwa akimuuliza Pampu habari za afya yake. Pampu ana presha, na hilo alilitaja. Anatumia dawa gani? Dawa zake hakuwahi kuzijua. Aliyezijua ni mkewe, aliyekuwa akikata kidonge cheupe katikati kila asubuhi kwa wembe wake wa kutatulia nyuzi, na kumpa cha manjano baada ya chakula, na kumfuata nacho mpaka barazani akisahau. Mama Pindo alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na jibu lote mdomoni. Mke angejibu. Mke angejibu swali halijaisha, na faili lingefungwa palepale, na leo Pampu angekuwa barazani kwake akilaumu redio za majirani.

Alilimeza. Alitazama chini.

Pampu akageuka, akamwona, akanyoosha kidole. "Wewe. Lete dawa."

Alizileta kwenye sinia, akaweka, akarudi hatua. Wakaguzi wakaandika. Wote wawili waliridhika. Wakati wa kuondoka yule mwanamke alimwambia Pampu kwamba ana bahati, watumishi wa aina hii wameisha duniani. Hili lilikuwa halimo katika mafundisho. Bwana Taratibu, aliyekuwa amesimama pembeni na mafaili yake, hakuwa amempangia jibu. Pampu alilitoa mwenyewe, kifuani kwake.

"Huyu nimemfundisha mwenyewe," alisema.

Mlango ulipofungwa Mama Pindo alicheka, akasubiri mwenziwe acheke. Pampu alikuwa ameshakaa, miguu imenyooshwa, anamuuliza wakala ndege za huko zinapaa siku gani. Halafu bila kugeuka akasema ameishiwa chai. Hakusema na nani.

Godoro halikurudi chumbani siku hiyo. Wakala alishauri wasubiri, wakaguzi wakati mwingine hurudi bila hodi. Wiki zikapita, wakaguzi hawakurudi, na Mama Pindo naye hakuitwa kurudi. Mara moja alibeba mto wake akasimama mlangoni mwa chumba. Pampu akamwambia mgongo wake umezoea kitanda kipana, na kwa nini waharibu kazi kwa haraka ya siku chache. Akarudi na mto wake. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka, na Mama Pindo methali hiyo aliijua tangu utotoni. Aliwahi hata kumwambia jirani yake. Lakini methali ni kama wembe, haumkati aliyeushika mpini.

Kibali kilitoka kikiwa cha mtu mmoja. Cha mtumishi hufuata baadaye, wakala alieleza. Mzee atangulie, akae, aandikwe huko, kisha atamwombea. Mama Pindo alikuwa amemaliza makoti yote mawili. Pampu akasema atachukua na la mkewe, amtangulizie mzigo. Akalikunja mwenyewe, akaliweka chini ya la kwake ndani ya sanduku. Kuona makoti yale yamelala pamoja kulimtuliza mwanamke kuliko ahadi yoyote. Chumba kikubwa Pampu alikifunga kwa ufunguo, akasema vitu vyake vimo, asije mwizi akaona nyumba ina mwanamke peke yake.

Siku ya safari majirani walitoka kumuaga. Shemeji, yaani kaka yake Pampu, alibeba masanduku. Bwana Taratibu alikuwepo na bahasha. Pampu aliwakumbatia wanaume wote, akawapa mkono wanawake, na mkewe naye akapewa mkono, katikati ya jirani wa kushoto na jirani wa kulia, kwa zamu yake.

Mwezi wa kwanza alipiga simu mara kwa mara. Kile cheupe ni nusu asubuhi au jioni? Mchele wa huku unanata, nifanyeje? Mama Pindo alimwelekeza kila kitu, akafurahi kuhitajika. Kisha simu zikapungua. Mchele ukaacha kumsumbua. Na siku moja alipopiga, alikuwa na habari ambayo ni wazi alishaipanga kichwani, maana aliitoa yote kwa pumzi moja: sheria ya huku inataka mtumishi awe wa huku huku, wamekataa wa kutoka nje, kwa hiyo amepata mtu.

"Umepata mtumishi au umepata mke?" aliuliza Mama Pindo.

"Usianze, wewe. Ni taratibu tu."

Ilikuwa mara ya mwisho kusikia sauti yake.

Haukupita muda likaja lori la vyombo. Akashuka mwanamke wa makamo, mwenye duka la vipodozi sokoni, na ufunguo mkononi. Ufunguo wa mlango mkubwa, na pia ufunguo wa kile chumba kilichofungwa. Alikuwa mpangaji. Nyumba alipangishiwa na Bwana Taratibu kwa niaba ya mzee. Mpangaji alimsalimia Mama Pindo kwa heshima, si mtu mbaya, akamwambia ameambiwa nyumba hii ina mtumishi mzuri sana, mpishi, msafi, na akipenda anaweza kuendelea naye.

"Nimeambiwa unakuja na nyumba," alisema, akijaribu kutania, "kama sinki."

Mama Pindo akamwambia yeye si mtumishi. Yeye ni mke wa mwenye nyumba. Mpangaji akatazama kupitia mlango wa stoo uliokuwa wazi, akaona godoro chini, nguo msumarini, majora ya vitambaa kando.

"Sasa mama, kama wewe ni mke, mbona unalala stoo?"

Watu wa lori walipita katikati yao wakiwa wamebeba kabati.

Akaenda kwa mwenyekiti. Huko alijua atasikilizwa, kwa kuwa yule aliyafungua na kuyafunga mapazia yake kila siku. Mwenyekiti alimkaribisha, akamwita mama, akasikitika, akatikisa kichwa pale panapostahili. Lakini Mama Pindo alipoomba aandikiwe kwamba yeye ni mke halali wa nyumba ile, asiondolewe, mwenyekiti akaanza kusogeza sogeza vitu juu ya meza. Akasema mtaa wote unajua. Akasema yeye mwenyewe anajua. Ila mhuri wake ulishasema vingine, na mhuri ni mmoja. Akiandika leo kwamba huyu ni mke, atakuwa amekiri kwamba jana aliidanganya serikali ya watu. Na zaidi, wakaguzi walimuuliza mama mwenyewe, na mama akajibu kwa mdomo wake.

"Mdomo ulikuwa wangu," alisema Mama Pindo. "Maneno yalikuwa ya nani?"

Hilo lilimchoma mwenyekiti, maana alifanya jambo alilolipa jina la busara. Aliandika barua kwenda kwa Pampu, yenye swali moja: mwanamke aliyebaki ndani ya nyumba yako, ni nani kwako? Akisema mke, hakuna wa kumtoa, na mpangaji atarudishiwa chake. Akisema mtumishi, basi mwenyekiti hana la kufanya. Mpaka jibu lije, mama akae stoo, mpangaji akae nyumbani, na wasigombane.

Shahidi wa ndoa alikuwa hai, kwa hiyo Mama Pindo akaenda kwa shemeji. Shemeji huyu ndiye aliyekaa mkekani siku ile akala mguu wa mbuzi peke yake, na kwa miaka mingi akitaniwa kwa hilo. Safari hii hakutaka utani. Alisema mambo ya ofisi hayaelewi. Pikipiki aliyoachiwa na kaka yake ilikuwa imeegeshwa uani kwake, imeoshwa inang'aa. Mama Pindo aliitazama, naye shemeji akaona anavyoitazama, akaona bora amwonyeshe kitu cha kubadilisha mazungumzo. Akatoa simu, akamwonyesha picha ya kaka yake ng'ambo. Huenda alidhani atamfurahisha. Huenda hakuitazama vizuri kabla.

Pampu alikuwa amekaa kwenye benchi, nyuma yake milima, amenenepa mashavu. Amevaa koti la kijani lenye maua meupe. Kando yake mwanamke, si kijana, si mzee, anacheka na mpigapicha, amevaa koti la kijani lenye maua meupe. Mikono yake ilikuwa mirefu kuliko ya Mama Pindo, kwa hiyo koti lilimfupia kwenye kifundo cha mkono, lakini pindo la chini lilikuwa limetulia, zito, sawasawa kuzunguka. Pindo la vidole vinne.

Mama Pindo alirudisha simu. Akamwambia shemeji kwamba hilo koti lina mfuko wa ndani upande wa kushoto. Amwambie kaka yake amwambie huyo mama, maana mtu anaweza kulivaa mwaka mzima asiujue. Akaondoka. Shemeji anasimulia mpaka leo kwamba aliondoka bila kulia, kana kwamba hilo linamwondolea yeye lawama.

Mwisho alipanda ngazi za juu ya duka la matairi. Bwana Taratibu alimpokea kwa sauti ileile ya chini, na safari hii akampa kiti chenye mto. Alikuwa na habari njema. Mzee, kwa wema wake, alikuwa ametuma barua ya kumsifu. Wakala akaisoma kwa sauti, kwa kuwa alijua mama hasomi: mwaminifu, msafi, mvumilivu, hana mkono mrefu, anaujua ugonjwa wa presha. Barua kama hiyo, alisema, ni dhahabu. Na bahati ilivyo, anaye mteja mwingine, bibi mmoja mstaafu anayekwenda nchi ileile, anatafuta mtumishi wa kweli wa kutoka naye. Sheria ile inaruhusu.

Mama Pindo akauliza, inaruhusu mtumishi kutoka nje?

Bwana Taratibu akajua kwamba amejikwaa. Akapangusa meza isiyo na vumbi. Akasema sheria hubadilika.

Mama Pindo alikuwa amepewa ng'ambo mkononi, kwa njia halali, milima na baridi na yale mapazia mazito yenye bitana. Ilimbidi akubali tu kwamba barua ile inamhusu. Aliitazama pale mezani. Hakujua kusoma, lakini alijua kwamba karatasi ile ikitoka naye mlangoni, itakuwa imeandikwa na Pampu na kupokelewa na yeye, na hapo jibu la swali la mwenyekiti litakuwa limepatikana bila hata kusubiri.

Akamwambia wakala anamwomba kitu kimoja. Atembee naye mpaka kwa mwenyekiti, si mbali, aeleze kwamba alikaa kwenye kiti cha dirishani akamfundisha mke wa mtu kuwa mtumishi. Basi. Hahitaji kitu kingine kwake.

"Mama, nikisema hivyo nitakula nini?"

"Utakula mnachokula watu wa taratibu," alisema, akanyanyuka kwenye kiti chenye mto, akaiacha barua palepale.

Sasa amekaa stoo. Cherehani ameitoa barazani, na wateja wanakuja kama zamani. Hagusi fagio la nyumba ile, haoshi hata kijiko, wala hakanyagi jikoni mpangaji akipika. Maji yake anachota kwa jirani. Mpangaji alipotaka mapazia, alimshonea, naye mpangaji akamlipa kama anavyolipwa fundi, wakashukuriana. Mpangaji hajui amwite nani. Siku nyingine anasema mama, siku nyingine anamung'unya kitu kisicho na jina. Yeye naye yuko kwenye nyumba ambayo hajui kama ataendelea kukaa humo, na kwa hilo Mama Pindo hamlaumu.

Anaowadai anawajua. Mwenyekiti anadaiwa mhuri wake, aujibu kwa mhuri. Shemeji anadaiwa ule ushahidi alioulia nyama. Bwana Taratibu anadaiwa mwendo mfupi wa kutoka juu ya duka la matairi hadi ofisi ya mtaa, na maneno aliyoyasema kwenye kiti kisicho chake, ayarudie kwa sauti ya kawaida. Na Mzee Pampu, ukiacha koti, anadaiwa jibu la swali moja, huyu ni nani kwako. Barua imekwenda, imefika, shemeji kakiri kwamba imefika. Jibu lake ni neno ambalo alilitumia kila siku bila kuambiwa, alipokuwa akitafuta miwani.